Shimo la Mwaka Elfu Mbili

Wenzangu mliobaki na chaki mkononi, mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tukitunga michezo ya kuigiza ya "wakati ujao" pale shuleni kwetu Kamina, katika miaka ya Zaire. Nimekubali kwa sababu sasa nina nafasi, na pia kwa sababu majuzi nilikuja kuutazama mchezo wenu mpya. Ulikuwa na mashine zinazosema kwa pua, nyota zinazoanguka, na watu waliovaa karatasi za kung'aa. Nilipiga makofi, maana nililelewa vizuri. Lakini kusema kweli sikuogopa hata kidogo. Nilimhurumia tu yule mtoto aliyefungiwa ndani ya katoni, kwa joto lile.

Kuhusu vyeo sitasema kitu. Kuhusu mishahara, hata ningetaka, ningesema nini? Mishahara ya siku zile tuliisikia ikitangazwa redioni, kama unavyosikia kwamba mvua imenyesha Bukama. Nitawaeleza kazi tu.

Siku yangu ya kwanza nilifika na diploma ndani ya bahasha, kitenge kipya, na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Nilikuwa nimetumwa kufundisha Kifaransa. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, alinitazama kutoka juu mpaka chini akaniuliza kama ninaweza kusema kwa sauti ndogo bila kukohoa. Nikasema ninaweza. "Basi utasaidia kwa teatri," akasema, na hapo hapo nikawa mnong'onaji. Wengi wenu hamjui kazi hiyo, maana siku hizi waigizaji wenu wakisahau maneno wanatazama tu dari. Mnong'onaji hukaa nyuma ya pazia na maandishi magotini. Mwigizaji akikwama, humtupia neno, na likimfikia kabla watu hawajagundua, kazi imekwenda vizuri. Sijawahi kupigiwa makofi hata mara moja, na hiyo ndiyo sifa yangu.

Teatri yenyewe ilikuwa ya Tata Banza, mwalimu wa historia. Tata Banza alikuwa mwembamba, mwenye majivuno mengi na hasira za karibu, na alipenda karanga kupita kiasi. Ukifungua maandishi yake yoyote, maganda yalikudondokea mapajani. Alininunia kipindi kizima cha kiangazi kwa sababu nilimwambia mfalme wake mmoja anasema mno. Kisha siku moja akaja na maandishi yale yale, mfalme kapunguziwa maneno nusu nzima, akaniwekea karanga kiganjani bila kusema kitu. Tangu siku ile nilimpenda kama baba.

Yeye ndiye aliyenifundisha wakati ujao unavyotengenezwa. Alichukia neno "kubuni". Alisema wakati ujao haubuniwi, unasukumwa, kama baiskeli yenye magunia ya makaa: tayari iko njiani, wewe weka mkono nyuma yake tu. Basi kila tulipoanza mchezo mpya aliwatuma wanafunzi sokoni, stesheni, na kwenye foleni ya unga, kila mmoja alete jambo moja ambalo amewaona watu wakilicheka au wakiliguna. Aliyaandika ubaoni. Kisha alisimama pembeni akitafuna, akasema: "Sasa sukumeni."

Mnadhani ilikuwa rahisi. Miaka ile ilikuwa migumu kwa watu wa kazi yetu, kwa sababu serikali ilitutangulia. Nakumbuka somo moja tulipotaka kuonyesha nchi ya kutisha ya mwaka elfu mbili. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Tata, mu mwaka elfu mbili bantu batacheza ngoma kwa nguvu mbele ya kuanza kazi."

"Ile tulifanya asubuhi," akajibu Tata Banza. Ni kweli, tulikuwa bado na jasho la kuimbia Chama na bendera.

"Bantu batabadilishwa majina!"

"Enda uulize mama yako jina yake ya ubatizo iko wapi."

"Batakataza bantu kuvaa kravate!"

Darasa zima likatazama shingo ya Tata Banza. Alikuwa ndani ya abakosti yake, koti lile la Zaire lililofungwa mpaka kooni, na kravate zake zote, yaani tai, alizokuwa akizipenda zilikuwa zimelazwa chini ya godoro tangu zipigwe marufuku. Akafuta ubao. Ndipo msichana mmoja wa kambi ya wafanyakazi wa reli, ambaye kwa kawaida hakusema, akasema polepole: "Treni itafika kwa saa yake."

Vijana walicheka mpaka dawati moja likaanguka. Tata Banza hakucheka. Aliandika sentensi ile ubaoni, akaizungushia duara, na ndiyo ikawa mchezo wetu wa kwanza uliojulikana mjini. Katika mchezo huo treni inafika Kamina kila siku kwa dakika yake, tupu, milango inafunguka yenyewe, na hakuna anayemjua dereva. Watu wa reli walikaa mstari wa mbele, na treni ilipofika kwa saa yake mara ya tatu mama mmoja akapiga kelele atolewe nje. Mwaka elfu mbili wenyewe, ulipokuja, ulinikuta nimekalia mzigo wangu pale stesheni tangu juzi yake, nikitamani sana kutishwa namna ile.

Baada ya mchezo huo nilimuuliza kwa nini jambo la kuchekesha vile limewatisha watu. Akanipa somo ambalo nimewafundisha wanafunzi wangu wote. "Utakamata kitu ya leo, kitu yenye bantu banacheka," akasema. "Kisha utatosha mwenye kucheka. Kile kinabakia, njo mwaka elfu mbili." Kutosha, kwa Kiswahili cha kwetu, ni kutoa. Msipochukua kitu kingine katika karatasi hizi, chukueni hicho. Mashine zenu zinazosema kwa pua hazina mtu anayezicheka leo, ndiyo maana hazina mtu wa kumtoa.

Sasa nifike kwenye shimo.

Jumamosi zilikuwa za salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima: majembe, mafagio, na nyimbo. Jumamosi moja prefe wetu aliamuru wanafunzi wachimbe shimo la choo nyuma ya madarasa. Jumamosi iliyofuata ilisemekana mkaguzi anakuja, na shimo lilionekana kutoka dirisha la bilo, ofisi ya prefe, basi likafukiwa. Kisha ikasemekana mkaguzi atatazama kama kuna choo, basi likachimbwa tena, hatua chache upande wa pili. Mkaguzi hakuja. Shimo la pili likafukiwa ili tuwe na uwanja wa kumngojea vizuri. Wanafunzi walichimba wakiimba na walifukia wakiimba, tena wimbo ule ule. Tata Banza alisimama kivulini akitafuna na macho yake yaling'aa. Jumatatu nilipoingia darasani kwake, ubaoni kulikuwa na neno moja tu: shimo.

Aliuita mchezo huo "Kesho". Katika mwaka elfu mbili, salongo ni ya kila siku. Nusu ya mji inachimba, nusu inafukia, na hakuna anayekumbuka sababu. Mama mmoja anauliza: "Hii shimo iko ya nini?" Kwa kosa la kuuliza, ananyang'anywa jina. Tangu hapo anaitwa Hakuna. Karani akiita majina ili watu wapewe samaki, jina lake linarukwa. Mtoto wake mwenyewe anakatazwa kumwita mama, anamwita "weye" tu. Mwisho wa mchezo karani anaita majina yote, anaruka la kwake, naye Hakuna anaondoka kimya huku watu wakichukua tena majembe. Hakukuwa na neno baada ya hapo. Tata Banza aliupenda mwisho ule kuliko karanga.

Tulicheza kwanza shuleni. Prefe ndiye aliyecheka kuliko wote. Alimshika Tata Banza bega akamwambia, "Weye, mwalimu, unatoshaka wapi haya mambo?" Tata Banza akajibu kwamba yanamjia tu akilala. Mimi nyuma ya pazia nilijiziba mdomo kwa kitenge.

Habari zikafika kwenye kambi ya wanajeshi nje ya mji, na siku moja lori lilikuja kutuchukua tukawachezee familia za askari, Jumapili alasiri baada ya ibada. Prefe akaja nasi, ndani ya abakosti mpya, ili kupokea pongezi. Mimi nilibeba maandishi na kapu la samaki wakavu wa Kinkondja, samaki kweli kweli, walioazimwa kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa amenieleza waziwazi kwamba anataka warudi wote na mikia yao.

Pale kambini watu walikuwa wametoka kila pembe ya Zaire, na mama wengi walijua Lingala kuliko Kiswahili. Sajini Ekofo, mtu mnene mwenye furaha aliyesimamia sherehe za kambi, akajitolea kueleza kila sehemu kwa Lingala kabla hatujaanza. Tata Banza akavimba kwa fahari. "Mama Monga, unasikia?" akaniambia. "Leo banatafsiri minyi," yaani mimi. Mbele kabisa alikaa Kapiteni mmoja, mrefu, asiyecheka, na kando yake prefe wetu akitabasamu kwa ajili ya wawili.

Kijana wetu aliyefungua mchezo akasema: "Hii njo mambo ya kesho." Sajini Ekofo akageukia watu na kifua chake chote: "Oyo ezali makambo ya lobi!"

Wenzangu mliokulia upande huu wa nchi, sikilizeni vizuri. Katika Lingala, lobi ni kesho. Lobi pia ni jana. Neno ni hilo hilo moja, na mtu hujua ni siku gani kwa kusikiliza yanayosemwa pamoja nalo. Yaliyosemwa pamoja nalo alasiri ile yalikuwa shimo. Majembe yalipotoka, minong'ono ikaanza kati ya wanawake. Nusu ya waigizaji walipoanza kufukia, mama mmoja akasimama akapiga viganja: "Ezali solo! Ezali solo!" Kweli tupu, alikuwa anasema. Wengine wakacheka, si kicheko cha kawaida bali kile cha mtu aliyeguswa kidonda. Na msichana wetu alipouliza, "Hii shimo iko ya nini?", kicheko kikakatika. Uwanja mzima ukageuka kumtazama mwanamke mmoja aliyekaa nyuma peke yake, mikono magotini.

Kapiteni akasimama. "Simamisha."

Sajini Ekofo akaja mbio nyuma ya pazia kama anatafuta maji. Akaninong'oneza, mimi mnong'onaji, kwa haraka. Juma lile lile, wanawake wa kambi walikuwa wamechimbishwa mtaro mrefu kwa ajili ya mgeni mkubwa. Mgeni akabadilisha njia, nao wakaambiwa waufukie. Yule mwanamke wa nyuma, Mama Bolumbu, mke wa koplo, aliuliza mtaro ule ulikuwa wa nini. Siku ya mgao wa samaki, jina lake halikuitwa. "Na alikuwa Kapiteni mwenye alitosha jina," akasema Sajini, jasho likimtoka. "Banamuke bote balinyamaza. Na sisi pia."

Tata Banza alikuwa ameitwa mbele, amesimama uwanjani na maganda ya karanga kwenye abakosti.

"Nani alikuambia mambo ya jana?" akauliza Kapiteni.

"Jana gani, mon capitaine? Ile mambo iko ya kesho."

"Mambo ya mu kambi inatoka inje, inafika kwa basivil ba mu mji, banaichezea mbele ya bibi zetu. Kama iko ya jana, weye uko na muntu hapa anakupatia habari. Minyi nitatafuta yule muntu, na weye utanisaidia."

"Haiko ya jana. Ninaapa. Iko ya kesho, ya mwaka elfu mbili."

"Aa. Kesho." Kapiteni akakunja mikono. "Kwa hiyo unasema kesho ya Zaire itakuwa shimo?"

Kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilikuwa ya kweli: kusema kwamba shimo ni la shule yetu, kwamba amelisukuma kidogo tu. Tata Banza akamtazama prefe. Prefe naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona anaanza kulifahamu lile shimo lake. Tabasamu lake lilikuwa linapungua mbele ya macho yetu. Tata Banza hakuitaja shule, kwa sababu prefe alikuwa na watoto wanane na hofu kuliko sisi.

Niliogopa, sitaficha. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa maneno madogo kuliko yale, na nyumba zao zilibaki na mlango wazi. Lakini nilijiona nimekwisha kutoka nyuma ya pazia, na maandishi kifuani. "Mon capitaine, samahani. Iko neno moja tu inatuletea shida. Lobi. Sisi tulisema kesho, bao balisikia jana."

Akanitazama bila hasira, akaniita raia kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa siku zile. "Citoyenne, minyi nilizaliwa mu Lingala. Lobi hainisumbue. Wakubwa bangu njo batanisumbua. Bantu banane batabasimulia hii mambo kabla ya kesho, na minyi sherti niandike rapport. Rapport inaandikwa mu Français. Mu Français hakuna lobi. Kuko hier ya jana, kuko demain ya kesho. Nikiandika hier, mwalimu anakamatwa juu ya siri ya jeshi. Nikiandika demain, anakamatwa juu ya kutukana Zaire. Unipatie neno ingine, nitaiandika."

Kazi yangu maisha yangu yote ilikuwa kuwapa watu maneno. Nilisimama pale sikuwa nalo.

Kapiteni akakaa. "Mucheze mpaka mwisho," akasema. "Kisha minyi nitachagua. Lori itarudisha batoto. Mwalimu, tutaona."

Sijui kama mmewahi kuona watoto wakiigiza huku wanatetemeka. Walisema maneno yao yote, hata yale waliyoyasahau siku zote, na sikuwa na la kumtupia mtu. Tukafika mwisho. Kijana aliyeigiza karani, Kasongo, akasimama na kapu la samaki akaanza kuita majina. Waigizaji wakaja mmoja mmoja, wakapokea, wakaondoka. Akafika pale anaporuka. Akaruka. Msichana wetu akageuka aondoke kimya, kama ilivyoandikwa.

"Na Mama Bolumbu?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka katikati ya uwanja. Kasongo akababaika. Sauti nyingine ikaitika, "Bolumbu!" Kisha ya tatu, kisha mstari mzima, kisha wanawake wote wamesimama na watoto mgongoni wanaita jina lile, si kwa kelele za fujo, bali kama mtu anavyoita aliye ng'ambo ya mto ili avuke. Sajini Ekofo naye aliita, namshuhudia. Kasongo akarudi nyuma mpaka kwenye pazia. "Mama, niseme nini?" akaninong'oneza.

Katika maandishi hakukuwa na kitu. Nikamwambia, "Usiseme. Peleka samaki."

Akateremka, akapita kati ya watu na kapu pamoja na samaki wote waliobaki, akaliweka magotini mwa yule mwanamke wa nyuma. Mama Bolumbu hakuligusa kwanza. Alimtazama Kapiteni. Kisha akafunika kapu kwa ncha ya kitenge chake, akainama, mabega yakaanza kumtikisika, na wanawake wakamzunguka tusimwone tena.

Prefe alikuwa akitazama viatu vyake. Hatimaye Kapiteni akasimama, akavaa kofia yake, akamwita Sajini.

"Andika demain," akasema. "Na uandike mu mwisho kila muntu alipata samaki yake, hakuna matusi kwa Zaire."

"Mon capitaine, bakiuliza kama haikuwa ya jana?"

"Haiko ya jana." Sauti yake ilikuwa imeshuka, hata mimi nilimsikia kwa shida. "Jana hakuna muntu mwenye aliita."

Kisha akamwonyesha Tata Banza lori kwa kidevu, bila kumtazama. Tata Banza alipanda, akakaa kati yetu, na kabla hatujapita kizuizi cha kambi alikuwa ameanza kunung'unika kwamba wanawake wale wamemharibia mwisho wake, mwisho mzuri, mwisho wa kimya, na kwamba hata Kasongo hana akili. Nilimshika mkono. Naye aliendelea kugombana na mwisho ule mpaka mjini, na mimi nililia njia nzima kwa furaha ya kumsikia.